Profesa Simeon Ominde na Elimu ya Ramani

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Halmashauri ndogo ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniamuru niseme maneno juu ya shauri la nne katika orodha ya leo, yaani lile pendekezo kwamba Mfuko wetu wa Masomo usiwasaidie tena vijana waendao Chuo Kikuu kusomea ualimu, historia, jiografia na mafunzo ya namna hiyo, bali fedha zote ziwaendee wale watakaokuwa madaktari, mainjinia na wanasheria. Pendekezo hili limeletwa na wazee wenye nia njema, nami sikusimama hapa kuwakebehi. Fedha ni kidogo na vijana ni wengi. Tena ni kweli kwamba waalimu wengi waliokwisha kuhitimu wangali majumbani wakingoja kuajiriwa, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome haridhiki kumwona kijana huyo ameketi kivulini na shahada yake kabatini.

Katika kikao cha Halmashauri mzee wetu mmoja aliuliza hivi: "Mtu aliyekaa miaka minne akisoma majina ya mito na milima, atatufaa nini?" Swali hilo limeandikwa katika kumbukumbu za kikao, nami nimeona njia bora ya kulijibu ni kuwaeleza kazi aliyoifanya mtu mmoja aliyesoma mito na milima, akaifundisha maisha yake yote. Mtu huyo ni marehemu Profesa Simeon Hongo Ominde, aliyekuwa Profesa wa Jiografia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wengi wenu mwalijua jina lake kwa sababu ya ile Tume ya Elimu. Wachache wanajua kwamba kazi yake hasa ilikuwa kufundisha jiografia katika vyuo vikuu, na kwamba hata ile Tume aliiendesha kwa macho ya mwalimu wa ramani.

Alikuwa mtu wa Nyanza, na Makerere alipajua kwa njia mbili, kwanza kama mwanafunzi na baadaye kama mwalimu. Makerere yenyewe, kama wazee wanavyokumbuka, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Afrika ya Mashariki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na shahada iliyotolewa Kampala ilikuwa shahada ya London. Mambo haya yalikuwa na uzuri wake, kwa maana hakuna aliyeweza kusema kwamba shahada ya Mwafrika ni ya bei rahisi. Lakini yalikuwa na uzito wake pia. Kijana wa miaka ile aliyefika Makerere alikuwa ametoka katika mtihani wa Cambridge, naye aghalabu aliweza kukueleza kwa nini viwanda vya pamba vilijengwa Lancashire, lakini hakuweza kukueleza kwa nini watu wa kata yake wamesongamana kilimani na kuiacha nchi ya bondeni ikiwa tupu. Jambo la kwanza alijifunza kitabuni. Jambo la pili hakuna aliyekuwa amelifanya kuwa somo.

Hapo ndipo kazi ya Ominde inapoanza kueleweka. Kitabu chake cha kwanza kujulikana hakikuwa cha mito wala milima. Kilitoka mwaka 1952, nacho ni kitabu kidogo cha Kiingereza juu ya malezi ya msichana wa Kijaluo, toka utoto hata ndoa. Mtu aweza kuona ajabu kwamba mwanajiografia alianzia hapo. Mimi sioni ajabu. Wale wetu wanaotoka pande za Ziwa wanajua siwindhe, ile nyumba ya bibi kizee ambamo wasichana walilala na kufundishwa hadithi, vitendawili na adabu. Ilikuwa shule isiyo na dawati wala kengele. Mtu aliyekubali kuandika kwa makini jinsi binti wa kijijini alivyofundwa alikuwa amekwisha kukubali kwamba mambo ya nyumbani yastahili kuandikwa kwa kalamu ileile inayoandika mambo ya Uingereza.

Kule Makerere idara ya jiografia iliongozwa na Profesa S. J. K. Baker, Mwingereza aliyeitumikia kwa miaka mingi. Ominde alifanya kazi chini yake, na Baker alipostaafu, ni Ominde aliyehariri kitabu cha makala za wanajiografia kwa heshima yake. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971, na makala zake ni juu ya jiografia na maendeleo ya Afrika ya Mashariki. Nakitaja kwa sababu twapenda kusema kwamba wasomi husahau waalimu wao. Huyu hakusahau.

Sasa, jiografia inafundishwaje katika Chuo Kikuu? Shuleni mtoto hukariri. Chuoni mambo hugeuka, au yapasa kugeuka. Mwalimu hutoa mhadhara, kisha wanafunzi huketi wachache wachache na kuhojiana naye juu ya walichosoma. Hupewa ramani ya serikali, ile ambayo sentimita mbili ni sawa na kilometa moja ya ardhi, wakatakiwa kuisoma kama vile mtu asomavyo barua: mto huu unakwenda wapi, mteremko ni mkali kiasi gani, njia hii kwa nini imezunguka. Baadaye hutolewa nje kwenda kuikagua nchi kwa miguu, wakaulize wenye mashamba, wapime, waandike, warudi na kulinganisha waliyoyaona na yale yaliyochorwa. Mwisho wake mwanafunzi huandika habari za mahali pamoja alipopachunguza mwenyewe. Hiyo ndiyo elimu ya mito na milima aliyoiulizia mzee wetu.

Niruhusuni niseme jambo la kisima, ijapokuwa si wote watakaofurahi nikilitaja. Wanachama mnakumbuka kwamba tulichanga fedha za kuchimba kisima nyumbani, na fundi mmoja, ambaye sitamtaja jina, akachagua mahali kwa kuwa palikuwa karibu na barabara na gari lake lingefika bila taabu. Kisima kile hakina maji mpaka leo. Baadaye Halmashauri ilipopata ramani ya wilaya ile, tuliona wenyewe kwamba pale palipochimbwa ni juu ya mgongo wa mwamba, na chemchemi zote za tarafa ile zimeandikwa upande wa pili wa kilima. Ramani hiyo ilikuwapo siku zote. Hatukuwa na mtu wa kuisoma.

Narudi kwa Profesa. Mwaka 1963 alipata shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London, kwa utafiti wake juu ya ardhi na watu katika wilaya za magharibi mwa Nyanza. Angalieni maneno hayo: alikwenda London kuchukua udaktari kwa habari za nyumbani kwao. Mwaka uliofuata akawa Profesa wa Jiografia Nairobi, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kukikalia kiti cha namna hiyo katika nchi hii. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa kwa wanafunzi mwaka 1956 kama chuo cha ufundi, kikawa chuo cha kufundisha shahada mwaka 1961, kikapewa jina la Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikasimama peke yake.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1968. Ni kitabu cha Kiingereza juu ya ardhi na uhamaji wa watu katika Kenya, na msingi wake ni hesabu ya watu ya mwaka 1962, ambayo ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu 8,636,263. Wazee wangu, kitabu hiki ni juu yetu. Sitii chumvi. Nitaeleza kwa nini.

Hesabu ya watu huandika mtu alipo siku ile anapohesabiwa, umri wake, ni mwanamume au mwanamke, na katika siku zile kabila lake pia. Mtu asiye na ujuzi huona orodha ya tarakimu tu. Mwanajiografia huuliza: katika kata hii, wanaume wenye nguvu za kufanya kazi wako wangapi kwa kila wanawake mia moja? Nitatoa mfano wa kueleza tu. Ikiwa kata moja ina wanaume 60 wa umri wa miaka ishirini hata arobaini kwa wanawake 100 wa umri huohuo, wale wengine hawakumezwa na ardhi. Wamekwenda mahali. Ukifungua ukurasa wa mji au wa mashamba makubwa ukakuta wanaume 170 kwa wanawake 100, basi umewaona wanaume wale. Ukiangalia na kabila, wajua wametoka wapi. Ukiweka nukta kwenye ramani kwa kila idadi ya watu, nchi nzima inasema mbele ya macho yako: hapa watu wamebanana, hapa wametawanyika, kutoka hapa wanakimbia, na hapa ndipo wanapokimbilia.

Baba zetu walikuwa katika nukta hizo. Reli ilianza hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kodi ya nyumba ikafuata, na ili kodi ilipwe ilibidi mtu auze kitu, na wengi hawakuwa na cha kuuza ila nguvu za mikono. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kikaja kipande cha kuvaliwa shingoni. Wengine wakaenda mashamba ya mkonge, wengine ya chai, wengine wakaja gatini hapa. Hesabu ya mwaka 1962 ilikuta Mombasa ina watu 179,575. Ile ya mwaka 1969 ilikuta 247,073. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 1,208,333. Chama hiki chetu kilizaliwa ndani ya tarakimu hizo. Kwa nini tuna chama? Kwa sababu mtu wa Magharibi akifa Mombasa, yapasa asafirishwe kilometa mia kadha wa kadha akalale kwao. Mweka Hazina wetu amekwisha kusoma hesabu, nanyi mmesikia ni sehemu kubwa kiasi gani ya fedha zetu inayokwenda katika magari ya maiti. Profesa Ominde hakuandika juu ya chama chetu, bali alieleza kwa nini watu wanatoka na kwa nini hawaachi kuishika ardhi ya nyumbani hata wakikaa mjini miaka thelathini. Nilipokisoma kitabu hicho katika maktaba, nilikuwa kama mtu anayesomewa barua iliyoandikwa na babu yake.

Tena haikuwa elimu ya kuweka rafuni. Siku zile Serikali mpya ilikuwa ikigawa nchi ya mashamba ya Wazungu. Mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, na zaidi ya familia elfu thelathini zikapewa makao. Kugawa ardhi bila kujua watu wamebanana wapi ni kugawa gizani.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wazee wote wanalijua. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipandishwa. Tarehe 19 Desemba, yaani siku saba baadaye, Waziri wa Elimu, Bwana Joseph Otiende, aliunda Tume ya kuchunguza elimu yote ya Kenya na kushauri iwe namna gani katika taifa huru. Mwenyekiti wake akawa Ominde. Kwa nini achaguliwe mtu wa jiografia? Sijaona mahali palipoandikwa sababu, lakini nadhani kazi yenyewe yaeleza. Elimu ya ukoloni ilikuwa ramani iliyochorwa vibaya. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waarabu na shule za Waafrika, kila moja na ada yake, waalimu wake na majengo yake. Mtoto aliweza kupita mlangoni pa shule tatu nzuri akiiendea ya kwao yenye paa la nyasi. Tena baina ya Waafrika wenyewe mambo hayakuwa sawa: palipokuwa na misheni ya zamani palikuwa na shule, na mahali pa wafugaji, kaskazini na mashariki, mtu aliweza kusafiri siku nzima asione hata moja. Mtu aliyezoea kuuliza "wapi?" ndiye aliyefaa kukaa katika kiti hicho.

Ripoti yao ilitoka katika sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1964 na ya pili mwaka 1965. Walishauri ubaguzi wa rangi uondolewe shuleni kabisa. Walishauri elimu ijenge umoja wa taifa na heshima kwa mila za watu wote. Elimu ya msingi ya bure waliikubali iwe shabaha ya nchi. Walishauri utaratibu wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya juu, na mitatu ya Chuo Kikuu, na huo ndio wengi wenu mliosoma nao, mpaka ule wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kadhalika waliangalia kwa tahadhari shule za Harambee zilizokuwa zikichipuka kila kilima, kwa maana watu walijenga kwa moyo lakini bila kuulizana, shule mbili zikakaa jirani na kugombea waalimu na watoto.

Lakini nisije nikamsifu mtu mpaka nikamfanya malaika. Tume ilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, na kwa hilo tunashukuru. Ila katika lugha ya kufundishia iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Hapo simfuati. Mtoto wa miaka sita aliyetoka nyumbani na lugha yake, akatupwa katika lugha ya tatu kabla hajajua kushika kalamu, hujifunza kwanza kunyamaza. Wako waliosema wakati ule kwamba hakukuwa na vitabu vya kutosha katika lugha zetu, na hilo lilikuwa kweli. Nadhani jibu lilikuwa kuandika vitabu.

Na hiyo shabaha ya elimu ya bure ilichukua muda. Ada za madarasa manne ya kwanza ziliondolewa mwaka 1974, zikarudi kwa majina mengine, majengo na kadhalika, na ilikuwa mwaka 2003 ndipo milango ya shule za msingi ilipofunguliwa kwa wote kwa mara nyingine. Kati ya ripoti ya kwanza na mwaka huo ni miaka 39. Watoto wangapi walikosa shule katika miaka hiyo, kila mzee hapa anaweza kuhesabu kwa vidole katika ukoo wake mwenyewe.

Tume ilipomaliza, Profesa hakugombea cheo cha siasa. Alirudi darasani. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa habari hii, na pia ndipo pasipo na sherehe. Idara ya Chuo Kikuu haijengwi kwa hotuba. Hujengwa kwa kupanga mwaka wa kwanza watasoma nini na mwaka wa tatu nini, kwa kutafuta gari la kuwapeleka wanafunzi nje, kwa kununua ramani na kuzihifadhi zisiliwe na mchwa, kwa kusahihisha karatasi mpaka usiku, kwa kumchukua kijana mwerevu na kumtafutia nafasi ya kusoma zaidi ili arudi kufundisha. Mwaka 1973 wanajiografia wawili wa Nairobi, Francis Ojany na Reuben Ogendo, walitoa kitabu juu ya jiografia ya Kenya, nchi yake na watu wake, na wanafunzi wengi wa nchi hii wamesoma katika kitabu hicho. Hebu linganisheni na yule kijana wa Lancashire. Katika miaka ipatayo ishirini, Kenya ilitoka katika hali ya kusoma nchi ya wengine, ikafika mahali ambapo Wakenya wenyewe huandika kitabu juu ya Kenya na kuwafundisha Wakenya wenzao.

Hapa nitachepuka kidogo. Nchini Uingereza, mwaka 1977, David Pepper na Alan Jenkins wa Oxford Polytechnic walianzisha jarida zima kwa ajili ya jambo moja tu, yaani namna ya kufundisha jiografia katika vyuo vikuu. Waliona kwamba mtu aweza kuwa mwanachuoni mkubwa na bado asijue kufundisha, kwa maana mwalimu wa shule ya msingi hupelekwa chuo cha ualimu, lakini profesa husukumwa tu darasani na vitabu vyake. Tangu hapo wako wanajiografia kule ambao ujuzi wao hasa ni ufundishaji wa elimu ya juu. Ominde na wenzake walikuwa wamekwisha kufanya kazi hiyo miaka mingi kabla, bila jarida na bila mwongozo, tena katika nchi ambayo idara zenyewe zilikuwa bado kuwapo.

Katika miaka ya mwisho ya 1970 aliongoza kazi nyingine ya kuanzisha: taasisi ya uchunguzi wa idadi ya watu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Wakati huo Kenya ilikuwa ikiongezeka kwa haraka kuliko karibu nchi zote duniani. Hesabu ya mwaka 1979 ilikuta watu 15,327,061, na uchunguzi wa miaka ileile ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya kwa wastani angezaa watoto wapatao wanane. Ilikuwa lazima wapatikane Wakenya wanaojua kuhesabu, kuchora na kueleza mambo haya, ili tusingoje wageni waje kutuambia tuko wangapi. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka kufikia watoto 3.4, ijapokuwa jumla yetu mwaka 2019 ilikuwa 47,564,296. Tarakimu hizi ndizo zinazoamua zahanati ijengwe wapi, kata ipi ipate diwani, na jimbo lipi ligawanywe. Mnapolalamika kwamba tarafa yetu imesahauliwa, karatasi mnayolalamikia ilitayarishwa na watu waliosoma elimu hii.

Basi, nalirudia shauri letu. Daktari huponya mtu aliyelala mbele yake, nasi twamhitaji, wala sisemi apunguziwe hata senti. Lakini yule daktari alifundishwa na mwalimu kusoma, na mwalimu huyo alifundishwa na mwingine katika chuo. Mwaka 1965 kambi ya jeshi ya Kahawa ilifanywa chuo cha Kenyatta, na waalimu wa sekondari wakafundishwa mahali palipokuwa na askari. Nchi iliyokuwa na shida ya kila kitu iliona busara kutumia mabweni hayo kwa waalimu. Mhadhiri mmoja akifundisha wanafunzi thelathini kila mwaka kwa miaka ishirini, hao ni watu mia sita, na kama nusu yao wakiwa waalimu wa shule, hesabuni wenyewe darasa moja moja.

Yule mzee aliyeleta pendekezo ana haki katika jambo moja, nami nalikubali mbele yenu: hatupaswi kumlipia kijana asome jiografia kwa sababu tu amekosa alama za kusoma udaktari. Kijana asiyeipenda elimu yake hatafika popote nayo. Kwa hiyo Halmashauri ndogo ya Elimu haikuja kupinga tu. Imeleta maneno mapya badala ya pendekezo lile, nayo ni haya:

Kwamba Mfuko wa Masomo uendelee kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu bila kubagua somo. Kwamba kila mwombaji, awe wa udaktari au wa ualimu, afike mbele ya Halmashauri na kueleza kwa kinywa chake kwa nini amechagua somo hilo. Kwamba wanaosaidiwa na Mfuko wawafundishe watoto wa wanachama wakati wa likizo, hapa Mombasa na nyumbani. Na kwamba wale wanaosoma jiografia wapewe kazi ya kutengeneza ramani ya tarafa zetu, yenye chemchemi, visima, njia, shule na zahanati, ramani hiyo iwekwe katika ofisi ya Chama, na fedha yoyote ya kisima isitolewe kabla haijatazamwa.

Mzee aliyeuliza lile swali nimemwonyesha maneno haya jana jioni. Amesema atasikiliza kwanza. Bwana Mweka Hazina amekubali kuunga mkono. Karatasi zilizo na maneno yenyewe anazo Katibu, naye atazigawa sasa, kisha Bwana Mwenyekiti atafungua majadiliano.